Mtoto mdogo aoge mara ngapi, na mashuka yake yafuliwe lini?

BARUA

Mshauri mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu: mvulana wa miaka mitano na nusu, msichana wa miaka mitatu, na mdogo wao wa miezi minane. Tunaishi pamoja na mama mkwe wangu, ambaye hunisaidia sana kuwalea na ambaye ninampenda kwa dhati, lakini kwa muda sasa tumekuwa tukivutana kuhusu jambo ambalo kwa mtu wa nje huenda likaonekana dogo, nalo ni usafi wa watoto.

Mama mkwe anaamini kwamba mtoto asiyeoga asubuhi na jioni ni mtoto asiye na mlezi. Kwa hiyo watoto wote watatu, pamoja na yule mdogo kabisa, huogeshwa mara mbili kila siku kwa maji ya moto na sabuni ya dawa, na wale wakubwa wawili husuguliwa kwa dodoki kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo. Msichana wangu ana ngozi kavu inayomwasha, hasa ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, na usiku hujikuna mpaka akatoka damu. Bibi yake anasema ule ni uchafu unaojitokeza na kwamba dawa yake ni kumsugua zaidi. Rafiki yangu naye ananiambia kwamba watoto wake huoga mara moja tu kwa wiki na ngozi zao ni laini. Mimi nimebaki katikati, sijui nimsikilize nani.

Jambo la pili ni matandiko. Kwa kuwa nguvu na maji yetu huishia kwenye kuogesha, mashuka tunayabadilisha kila baada ya wiki mbili, na mara nyingine hata mwezi hupita. Mvulana wangu bado anakojoa kitandani karibu kila usiku. Shuka lake huwa tunalianika likauke, kisha tunalirudisha kitandani. Pamoja na kuoga kote huko, wenzake shuleni wameanza kumwambia kwamba ananuka. Bibi yake humkaripia kila asubuhi, na juzi nilimsikia akimwita kikojozi mbele ya dada yake. Sasa anataka mtoto asipewe maji ya kunywa kuanzia mchana.

Naomba unieleze watoto wa umri huu wanapaswa kuoga mara ngapi, na matandiko yao yabadilishwe lini. Naomba pia unishauri namna ya kulizungumza jambo hili na mama mkwe bila kumvunjia heshima.

Wako,
Mama wa Watatu

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake.

Mtoto wako wa miezi minane anatosheka na kuoga mwili mzima mara tatu au nne kwa wiki, mradi uso, mikono, mikunjo ya shingo na sehemu inayofunikwa na nepi zisafishwe kila siku. Msichana anaweza kuoga mara moja kwa siku, jioni, kwa maji ya uvuguvugu na kwa muda mfupi, na siku ambayo hakuchafuka hakuna ubaya wowote akifutwa tu kwa kitambaa chenye maji. Mvulana anahitaji kuoshwa kila asubuhi anapoamka amelowa, kwa sababu mkojo haufai kuachwa ukaukie mwilini. Mashuka na foronya za wote zifuliwe walau mara moja kwa wiki, na yale ya mvulana kila yanapolowa, bila kungoja siku ya kufua.

Kazi inayofanyika nyumbani kwenu ni kubwa, wala sioni uvivu wowote katika barua yako. Tatizo ni kwamba imeelekezwa upande mmoja. Watoto watatu wanaooga mara mbili kwa siku ni sawa na kuogesha mara 42 kwa wiki, ilhali shuka ambalo mtoto hulilalia karibu nusu ya maisha yake linangoja nusu mwezi, na lile la mvulana linarudishwa kitandani likiwa na mkojo wa jana uliokauka. Mkipunguza kuogesha na mkaongeza kufua, maji yaleyale mliyo nayo yatatosha, na watoto wote watatu watakuwa wasafi zaidi kuliko walivyo sasa.

Niingie katika sababu, nikianza na ngozi, kwa kuwa hapo ndipo mama mkwe wako na rafiki yako wanapotofautiana. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko ya mtu mzima na hupoteza maji upesi zaidi. Juu yake kuna mafuta ya asili yanayozuia unyevu usitoke na vitu vinavyowasha visiingie, na sehemu hiyo ya juu huwa na tindikali kidogo, kiasi cha 5 hivi kwenye kipimo cha tindikali kiitwacho pH (namba ikiwa chini ya 7 ni tindikali, ikiwa juu ya 7 ni kinyume chake), hali ambayo huwafaa vijidudu rafiki wa ngozi na kuwadhoofisha wale wanaoleta maradhi. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Mtoto anapopakwa sabuni hiyo mwili mzima asubuhi, akasuguliwa, akamwagiwa maji ya moto, kisha akarudiwa jioni kabla ngozi haijajirekebisha, yale mafuta huondoka kila siku na hayapati nafasi ya kurudi. Ngozi hukauka, hupasuka pasipoonekana kwa macho, huanza kuwasha, na mtoto hujikuna. Magamba meupe yanayotokea baadaye ni ngozi iliyokauka, nayo kwa jicho la mlezi mwenye bidii hufanana sana na uchafu. Ninaelewa kwa nini bibi ameona hivyo, lakini kumsugua zaidi ndiko kunakoendeleza tatizo analotaka kuliondoa.

Je, rafiki yako basi ndiye aliye sahihi? Kwa sehemu tu. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani huwaambia wazazi kwamba katika mwaka wa kwanza wa maisha kuoga mara tatu kwa wiki kunaweza kutosha. Chama cha Madaktari wa Ngozi cha nchi hiyohiyo kinasema kwamba watoto wa miaka 6 hadi 11 wanahitaji kuoga walau mara moja au mbili kwa wiki, na vilevile kila wanapochezea matope, wanapoogelea au wanapotoka jasho jingi. Tafadhali zisome namba hizo kama kiwango cha chini, yaani kiasi ambacho mtoto akikipata hakuna daktari atakayesema ametelekezwa. Hakuna mahali panaposema kwamba kuoga kila siku ni kosa. Mtoto anayetambaa sakafuni, anayecheza nje vumbini na kutoka jasho mchana kutwa atalala vizuri zaidi akioga jioni, naye hatapata madhara ikiwa maji ni ya uvuguvugu, muda ni mfupi, na sabuni inapakwa pale tu inapohitajika. Kwa maoni yangu, hesabu ya mara ngapi ina uzito mdogo kuliko swali la mtoto anaogeshwa vipi, na ningependa mvutano wenu uhamie huko.

Kuogesha vizuri kuko hivi. Maji yawe na joto la nyuzi 37 hadi 38 za Selsiasi, ambalo ni sawa na joto la mwili. Kama hamna kipimajoto, chovya kiwiko, na usikie uvuguvugu tu, si moto. Katika beseni tangulizeni maji baridi, ndipo mwongeze ya moto na kuyakoroga vizuri, ili pasiwe hata kwa dakika moja na beseni la maji ya moto mahali mtoto anapoweza kulifikia. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Sabuni laini isiyo na manukato ipakwe makwapani, kinenani, matakoni, miguuni na mikononi, na kwingineko maji yatoshe. Dodoki liwekeni kando kabisa kwa watoto wote watatu; kiganja cha mkono au kitambaa laini cha pamba kinasafisha vya kutosha. Msichana asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili vijidudu vya haja kubwa visipelekwe kwenye njia ya mkojo, na kwa mvulana ambaye hajatahiriwa, govi lisivutwe nyuma kwa nguvu. Ndani ya masikio pasiingizwe chochote, hata vijiti vya pamba, kwani nta hutoka yenyewe na kijiti huisukuma ndani zaidi. Mkimaliza, mkausheni mtoto kwa kumgusagusa na taulo badala ya kumfuta kwa nguvu, nanyi mzingatie mikunjo ya shingo na mapaja, ambamo unyevu ukibaki huleta michubuko.

Jambo moja silipitii kwa haraka hata kama barua yako haikulitaja. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache tu, naye huzama kimya bila kupiga kelele. Nyumba yenye watoto watatu wanaoogeshwa kwa zamu ni nyumba ambamo mlezi huitwa huku na huku. Mtoto wa miezi minane asiachwe ndani ya beseni au kando yake hata kwa muda wa kufuata taulo, wala asiachiwe kaka yake wa miaka mitano amwangalie. Mlezi akilazimika kuondoka, aondoke naye.

Kuhusu sabuni ya dawa, ushauri wangu ni kwamba muiache, isipokuwa kama mhudumu wa afya amewaandikia kwa ugonjwa fulani. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizuia viambato 19 vya kuua bakteria, triklosani ikiwa miongoni mwao, visitumiwe katika sabuni za kunawia za majumbani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu, na kwamba zinazuia maradhi kuliko sabuni ya kawaida na maji. Kwa ngozi ya mtoto sabuni za namna hiyo mara nyingi ni kali bila faida ya ziada. Hali kadhalika, dawa za kuua vijidudu zinazotumika kusafishia sakafu au vidonda hazifai kutiwa katika maji ya kuogea, na poda nayo si ya lazima, kwa kuwa mtoto huivuta puani inaporushwa.

Usafi ambao kweli unamkinga mtoto na maradhi uko kwenye viganja vyake, nao hauhitaji beseni zima la maji. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kula kumeonekana katika tafiti nyingi kupunguza kuhara kwa takriban asilimia 30. Uso pia una umuhimu wake: kuosha macho na pua zenye uchafu ni sehemu ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kumpofusha mtu na ambao huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Kama mama mkwe ana nguvu za kuwashughulikia watoto mara mbili kwa siku, na azitumie hapo: uso na mikono asubuhi, uso, mikono na miguu jioni. Kila mtoto awe na kitambaa chake cha uso ambacho hashirikiani na mwingine.

Wasomaji wenye watoto wachanga zaidi wataniuliza kuhusu siku za mwanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kuoga kwa kwanza kucheleweshwe walau saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na ule utando mweupe anaozaliwa nao unailinda ngozi yake. Baada ya hapo, mpaka kitovu kidondoke, jambo ambalo kwa kawaida hutokea katika wiki moja hadi mbili, inatosha kumfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kukiacha kitovu kikiwa kikavu na kisafi.

Sasa nimrudie msichana wako. Siwezi kumpima mtoto kwa barua, lakini ngozi kavu inayowasha ndani ya viwiko na nyuma ya magoti katika umri wa miaka mitatu ni picha ya kawaida sana ya pumu ya ngozi. Haiambukizi, haitokani na uchafu, na mara nyingi hupatikana katika familia zenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Kwake yeye, yale niliyoyasema kuhusu maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato si mapendekezo ya hiari, ni sehemu ya tiba. Akishakaushwa, apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, kama vile mafuta ya mgando, ndani ya dakika tatu hivi, wakati ngozi ingali na unyevu, kwa sababu mafuta hayo hayaongezi maji mwilini bali huyazuia yaliyopo yasitoke. Apakwe tena asubuhi hata kama hakuoga. Kucha zake ziwe fupi, nguo za kulalia ziwe za pamba, na mashuka yake yasuuzwe vizuri ili sabuni ya kufulia isibaki ndani ya kitambaa.

Hata hivyo, kwa kuwa umesema hujikuna usiku, kuna ugonjwa mwingine unaopaswa kuangaliwa kabla ya kutulia, nao ni upele. Mtazame katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na makwapani; kwa yule mdogo, tazama pia viganja na nyayo. Kama kuna vipele vidogo sehemu hizo, na hasa kama wewe, bibi au kaka yake mmeanza kuwashwa usiku, basi mwende kwenye kituo cha afya wote. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huchukua wiki kadhaa kabla ya kuwashwa, na ndiyo maana watu wote wa nyumba hutibiwa kwa wakati mmoja, hata wasio na dalili. Siku ya tiba, nguo, taulo na matandiko yaliyotumika katika siku tatu zilizotangulia hufuliwa kwa maji ya moto, na yale yasiyofulika hufungwa ndani ya mfuko kwa siku kadhaa, kwani vijidudu vya upele kwa kawaida haviishi zaidi ya siku mbili hadi tatu vikiwa mbali na mwili wa binadamu. Muwasho unaweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne baada ya tiba kufaulu, hivyo msikate tamaa mapema.

Hapo tumeshafika kwenye matandiko, na hapa ndipo ningependa nyumba yenu ibadilike zaidi. Kila usiku mtoto huacha kitandani jasho, mate, mafuta na vipande vya ngozi vinavyobanduka. Vipande hivyo ndivyo chakula cha utitiri wa vumbi, wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya magodoro, mito na mablanketi yenye unyevu na joto. Hawaumi wala hawanyonyi damu, lakini kinyesi chao huamsha pumu, hufanya pua zibane usiku na huzidisha pumu ya ngozi kwa watoto wenye mzio. Kwa hiyo kitanda kisichofuliwa kinaweza kuwa sehemu ya sababu ya msichana wako kujikuna, huku lawama yote ikiangukia ngozi yake. Maji yenye joto la nyuzi 55 hadi 60 na zaidi huua utitiri huo. Maji baridi hayauui, lakini huondoa sehemu kubwa ya kinyesi chake, kwa hiyo kufua kwa maji baridi kila wiki ni bora mara nyingi kuliko kungoja mwezi ili kufua kwa maji ya moto. Mashuka yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, na mkiweza yapigwe pasi ya moto. Mablanketi yafuliwe kila baada ya mwezi mmoja au miwili, na siku ya kubadilisha mashuka magodoro yatolewe nje, yapigwe na kuachwa juani. Asubuhi msikimbilie kutandika. Acheni vitanda wazi kwa saa moja hivi ili unyevu wa usiku utoke.

Kwa yule wa miezi minane, usafi wa kitanda unaanza na kupunguza vitu. Mpaka atimize mwaka mmoja anahitaji godoro gumu na bapa lenye shuka lililokazwa vizuri, na alazwe chali. Mto, blanketi zito na midoli laini visiwemo, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Shuka lake libadilishwe mara mbili kwa wiki, au papo hapo anapocheua au nepi inapovuja.

Nimemwacha mvulana mwisho kwa makusudi, maana ndiye aliyenigusa zaidi katika barua yako. Katika umri wa miaka mitano, takriban watoto 15 kati ya kila 100 bado hukojoa kitandani. Hawafanyi hivyo kwa uvivu, kiburi wala uchafu. Wengine hulala usingizi mzito kiasi kwamba kibofu kilichojaa hakiwaamshi. Wengine kibofu chao bado ni kidogo. Wengine mwili haujaanza kutoa usiku kiasi cha kutosha cha homoni inayopunguza mkojo. Mara nyingi ni jambo la kurithi: mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo ni takriban asilimia 44, na wazazi wote wawili wakiwa hivyo, hufikia asilimia 77. Muulize mama mkwe kwa upole jinsi mume wako alivyokuwa katika umri huo. Jibu lake huenda likabadilisha sauti anayoitumia kila asubuhi.

Kumnyima maji kuanzia mchana hakutamsaidia. Mtoto anahitaji kunywa vya kutosha mchana kutwa, kisha apunguziwe katika saa moja au mbili za mwisho kabla ya kulala, na akojoe kabla ya kupanda kitandani. Angalia pia kama anapata choo kigumu, kwa kuwa utumbo uliojaa hukibana kibofu, na mara nyingine kutibu kufunga choo kunamaliza kukojoa.

Harufu wanayoisikia wenzake haitokani na uchache wa kuoga. Urea iliyo katika mkojo huvunjwa na bakteria ikawa amonia, na shuka linaloanikwa bila kufuliwa huirudisha harufu hiyo, nguvu ikiongezeka, kila linapopata joto la mwili. Amonia hiyo pia huichoma ngozi ya mapaja. Kwa hiyo shuka lililolowa lisuuzwe asubuhi ileile kwa maji baridi, hata kama siku hiyo hamna nafasi ya kufua kwa sabuni, na lisirudishwe kitandani kabla ya kufuliwa. Awe na mashuka matatu ya zamu. Godoro livishwe kifuniko kisichopitisha maji, na njia ambayo wazazi wengi hushukuru wakiijua ni kutandika mara mbili: kifuniko, shuka, kisha kifuniko kingine na shuka lingine juu yake, ili akilowesha usiku wa manane uondoe tabaka la juu tu na mtoto arudi kulala. Nguo zake za kulalia zifuliwe pamoja na shuka. Asubuhi aoshwe kuanzia kiunoni hadi mapajani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, avae nguo safi na aende shule. Anaweza kusaidia kupeleka shuka lake kwenye beseni, ikiwa ni kama mtoto mkubwa anayeshiriki kazi za nyumbani. Isiwe kamwe kama adhabu. Mpeleke kwa daktari mapema kama aliwahi kukaa miezi sita bila kukojoa kitandani kisha akaanza tena, kama anakojoa kwa maumivu au anajikojolea hata mchana, au kama ana kiu isiyo ya kawaida na anapungua uzito, dalili zinazoweza kuwa za kisukari.

Kuhusu mama mkwe, nisingekushauri umkabili ukiwa na orodha ya makosa yake. Huyu ni mtu anayeamka mapema kuwahudumia wajukuu zake, na kwa umri wake usafi wa mtoto ndiyo heshima ya nyumba. Mwombe mkubaliane kujaribu utaratibu mpya kwa wiki mbili tu: kuoga jioni kubaki mikononi mwake, bila dodoki na bila sabuni ya dawa, na yeye ndiye ampake msichana mafuta kila baada ya kuoga, ili atakapoona ngozi inatulia aione kwa macho yake na kwa kazi ya mikono yake. Suala la jina la kikojozi ni tofauti, nalo halingojei wiki mbili. Hilo alizungumze na mama mkwe mwanawe, yaani mume wako, faraghani na kwa adabu, kwa sababu neno la mtoto kwa mama yake huingia mahali ambapo neno la mkamwana linaweza kusikika kama dharau. Mvulana naye aambiwe na baba yake, waziwazi, kwamba hana kosa.

Wiki hizo mbili zikipita na ngozi ya msichana haijatulia, mpeleke kliniki, na mwombe bibi afuatane nawe ili ayasikie maelezo moja kwa moja kutoka kwa mhudumu. Chukueni sabuni, mafuta na sabuni ya kufulia mnavyotumia, vionwe. Lakini kama sehemu anazojikuna zimeanza kutoa majimaji au usaha, zimefanya magamba ya rangi ya asali, au mtoto amepata homa, msingoje wiki hizo ziishe. Mpelekeni siku hiyohiyo.